Kuandaa pikapu kuukuu kwa ajili ya barabara mbovu, nyumbani kwako Nairobi

Pikapu nyingi kuukuu zinazouzwa Nairobi zimeshabeba mchanga, maziwa, simenti na magunia ya viazi kwa miaka kabla hazijamfikia mtu anayetaka kwenda nazo Magadi au Loiyangalani. Mwenye gari mpya huwa na hamu moja: kuliinua. Naomba hilo lisubiri. Magari yanayokwama kule jangwa la Chalbi hukwamishwa na rejeta iliyotoboka, beringi iliyokufa au springi iliyokatika kwa mzigo. Ni mara chache sana utakuta gari limeshindwa kwa sababu tu lilikuwa chini kwa inchi mbili.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza ponya gari, pili lipime uzito, tatu livalishe tairi, na kuinua kuje baadaye. Mfano wangu mkuu ni Toyota Hilux LN106, ile iliyotengenezwa hadi 1997, yenye injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8, ekseli nzima mbele na springi za mabamba mbele na nyuma. Ukiwa na Isuzu TFS au Nissan Hardbody D22 ya 4x4, mbele yako kuna tosheni baa, yaani fimbo za chuma zinazojisokota kubeba gari, badala ya mabamba, na nitakuonyesha pale mambo yanapotofautiana.

Mahali pa kazi

Unahitaji ardhi tambarare na ngumu. Maegesho ya ploti yenye mteremko hayafai kwa kazi ya chini ya gari, hata ukiweka mawe kwenye magurudumu. Nunua stendi nne za chuma zenye tani zilizoandikwa juu yake. Tofali za zege zenye matundu hupasuka ghafla zikibeba uzito mahali pamoja, na jeki ya haidroliki hushuka sili yake ikichoka. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na kimojawapo cha hivyo. Zungumza na mwenye nyumba mapema, tandaza turubai kuukuu chini, na oili chafu uiweke kwenye jerikeni uipeleke gereji inayoikusanya. Mifereji ya Nairobi inaishia mitoni, na watu wa chini ya mto wanayatumia maji hayo.

Hatua ya kwanza: ponya gari

Peleka gari likaoshwe chini kwa maji ya nguvu. Likikauka, lala chini yake na tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi kila sentimita chache kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa, na wakati mwingine nyundo huzama. Kaa zaidi kwenye sehemu mbili: pale vishikizo vya springi vilipofungwa kwenye chasisi, na pale boksi la usukani lilipokaa. Nyufa huanzia hapo. Ufa ukionekana, fundi wa kuchomelea atoboe kitundu mwishoni mwake ili usiendelee, auchomelee, kisha aweke kiraka chenye ncha za mshazari. Kiraka cha mraba chenye mstari wa kuchomelea unaokata chasisi wima huhamisha ufa tu, utatokea pembeni yake. Kabla ya kuchomelea popote, ng'oa nyaya za betri na za oltaneta.

Sasa inua gurudumu moja la mbele. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza, mwite mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukibaki, tatizo liko ndani zaidi, kwenye beringi za kingipini, mhimili ambao gurudumu hukatia kona. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kitakuokoa na fundi anayetaka kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Kisha shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Hapo unazipima tairodi, zile fimbo za usukani.

Kwenye LN106 angalia lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya gurudumu la mbele. Linapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukikuta linachuruzika uji mweusi mwepesi, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, imeingia na kuiyeyusha grisi inayolinda jointi inayozungusha gurudumu. Kazi ya kufungua na kubadilisha sili hizo ni ya siku nzima na inachafua mikono hadi viwiko, lakini mtu mwenye subira anaifanya nyumbani. Baada yake funga habu za mbele ili magurudumu yashikane na ekseli, weka 4x4 kwenye uwanja wa vumbi, kata usukani hadi mwisho na uendeshe polepole ukizunguka. Ukisikia ka-ka-ka kutoka mbele, jointi yenyewe imelika.

Kwa oili za difu na gia boksi kuna sheria moja ambayo mafundi wazuri hawaivunji: hakikisha nati ya kujazia inafunguka kabla hujagusa ya kumwagia. Ukimwaga kwanza na nati ya juu ikagoma, gari haliendi popote. Oili iliyotoka ichunguze. Rangi ya chai yenye maziwa maana yake maji yameingia. Unga mwembamba wa chuma kwenye nati yenye sumaku ni kawaida. Vipande vyenye kona si kawaida.

Rejeta haitaki huruma. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na Magadi takriban 600, kwa hiyo ukirudi unapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, jua likiwaka, gari likiwa na mzigo. Rejeta ambayo haijawahi kulalamika kwenye foleni ya Jogoo Road inaweza kuchemka kwenye mpando huo. Badilisha paipu zake zote, kifuniko na mkanda wa feni, na ujaze kulanti badala ya maji ya bomba. Fundi akikwambia aondoe thamostati ili gari "lipoe vizuri", mkatalie kwa heshima. Bila thamostati injini ya dizeli hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta, na kama rejeta imeziba bado itachemka tu. Kilichoziba ndicho kinachozibuliwa.

Vipuri utavipata Kirinyaga Road, ambako wakongwe bado wanakuita Grogan, na Industrial Area. Nenda na kipuri cha zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi. Kwenye beringi, sili na vichungi, bandia zimejaa, na duka linalokubali kuandika risiti yenye jina la kampuni ya kipuri ndilo la kurudia.

Hatua ya pili: jua uzito wako

Hapa ndipo pikapu nyingi zilizopambwa zinapoharibikia. Chukua kalamu na ukadirie. Bampa ya chuma ni kama kilo 60. Winchi ya umeme na waya wake 35. Keria ya juu 50. Tairi ya akiba ya pili 35. Dizeli lita 40 kwenye jerikeni ni kilo 34 bila kuhesabu madebe yenyewe. Maji lita 60 ni kilo 60. Watu wawili 150. Hema, sufuria, jiko na chakula 60. Spana na spea 40. Umeshapita kilo 500 na hujafunga hata kitanda. Pikapu ya tani moja kwenye karatasi inabeba hiyo, lakini tani hiyo ilikadiriwa kwa barabara, na kwenye mawe ya lava ya Marsabit kila shimo linaipiga springi kana kwamba mzigo umeongezeka maradufu.

Pakia kila kitu unachopanga kusafiri nacho, upitie kwenye mizani ya malori ya mtu binafsi, na upime ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Namba hizo mbili ndizo utakazompa muuza springi. Bila hizo anakisia, na wewe unalipia kukisia kwake.

Mimi ningeanza kwa kuacha vitu. Kwa mtu anayesafiri na gari la pili, winchi ya umeme ni uzito unaokaa kwenye pua ya gari mwaka mzima ukisubiri siku moja. Winchi ya mkono, koleo na mbao mbili za kukwamulia hufanya kazi hiyo na hukaa katikati ya gari. Kwenye bodi, vizito vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Maji yakae sakafuni nyuma ya kabini. Juu ya keria weka hema na turubai, usiweke jerikeni.

Hatua ya tatu: tairi na upepo

Kuinua springi kunainua bodi na chasisi. Hakuiinui difu hata kidogo, kwa kuwa difu imekaa kwenye ekseli na ekseli inasimama juu ya tairi. Na difu ndiyo inayogonga jiwe katikati ya njia. Kinachoiinua ni tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo.

Hesabu ya Hilux ni hii. Tairi ya 205R16 ina kipenyo cha karibu milimita 734. Ya 235/85R16 ni karibu 806. Tofauti ni 72, kwa hiyo difu inapanda milimita 36. Lakini sasa spidomita inadanganya kwa karibu asilimia 10: ikisoma 80 wewe uko karibu 88. Injini nayo inahisi gia zote zimekuwa nzito, na 3L haina nguvu za kugawa. Kwa safari za kawaida kutoka Nairobi ningechagua 245/70R16, kipenyo cha karibu 749, isiyosumbua injini wala kugusa matao. Ukubwa wa 235/85 unamfaa anayekwenda kaskazini kwenye mawe mara kwa mara.

Chagua AT, tairi za lami na vumbi kwa pamoja. Tairi za MT, yaani za matope, zinavutia macho, zinapiga kelele hadi Naivasha, na kwenye lami yenye mvua hazishiki vizuri. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela na Athi ndipo zinapolipa, ingawa udongo ule ukishalowa sawasawa hujaza nyayo za tairi yoyote hadi iwe laini kama ya baiskeli. Nyakati za mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, busara ni kuusubiri ukauke.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi hupasuka kuta hata kama nyayo ni mpya. Kwa magari ya mzigo tafuta zenye alama ya LT, yaani za pikapu na malori madogo.

Kisha kuna upepo, ambao ndio marekebisho ya bei nafuu kuliko yote. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Lami na mzigo: 35 hadi 40 psi kulingana na tairi. Murramu yenye matuta madogo yanayotetemesha gari: shuka hadi 26 au 28, na utaona dashibodi inaacha kulia. Mchanga: 16 hadi 18, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Chini ya 15 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukirudi kwenye lami ujaze tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini kwenye lami hupata moto hadi kupasuka. Kompresa ya volti 12 yenye nguvu iunganishwe moja kwa moja na betri. Ukiichomeka kwenye tundu la sigara utakata fyuzi, na kama mtu aliweka fyuzi kubwa kupita waya, utayeyusha waya.

Hatua ya nne: springi, na kuinua kwa kiasi

Inchi mbili zinatosha. Milimita 50 zinakupa nafasi ya tairi na nafasi zaidi ya springi kucheza bila kuvuruga propela na usukani. Kupita hapo unaanza kununua matatizo.

Njia ya jua kali ya kuongeza bamba moja nene kwenye springi ya zamani inainua gari, lakini gari tupu litakurukaruka na mzigo wote utabebwa na bamba hilo hadi likatike. Vitalu vya chuma kati ya springi na ekseli usiviweke mbele kamwe. Breki ikikamatwa, vinaweza kujipindua. Nunua seti mpya ya springi iliyopangwa kwa uzito uliopima, pamoja na bushi na shokapu za urefu unaolingana. Shokapu fupi kwenye gari lililoinuliwa hufika mwisho wake kabla ya springi na kung'oka kichwa.

Kazi yenyewe nyumbani ni hii. Inua chasisi, iketi kwenye stendi, jeki nyingine ibebe ekseli. Nyunyizia nati za yubolti mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Fungua shokapu, kisha yubolti, kisha pini za springi. Shusha springi ya zamani, pandisha mpya, na uhakikishe kichwa cha bolti ya katikati kimekaa ndani ya tundu lake kwenye ekseli kabla ya kukaza. Yubolti za zamani zimeshavutika, kwa hiyo weka mpya. Bushi zisikazwe hadi mwisho gari likiwa hewani: shusha gari likae kwa uzito wake, kisha ndipo ukaze, la sivyo bushi zitajisokota na kuchanika mapema.

Kwenye magari ya tosheni baa, watu hukaza bolti za kurekebishia hadi pua ya gari inyanyuke. Kidogo inakubalika. Ukizidisha, mkono wa juu unalalia mpira wake wa kuzuia, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka shimoni, na jointi za ekseli zinafanya kazi kwenye pembe zinazozila.

Halafu kuna kitu ambacho nakisisitiza kwa kila anayeinua Hilux, kwa sababu kinagusa breki. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chasisi, kuna vali yenye fimbo ndefu iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, fimbo inasukumwa juu, na vali inaruhusu breki nyingi zaidi ziende nyuma. Ukiliinua gari, vali inadhani bodi ni tupu siku zote na inabania breki za nyuma hata ukiwa na kilo 500. Kishikizo cha fimbo hiyo kwenye ekseli kipandishwe kwa kimo kilekile ulichoinua gari. Ni kipande cha chuma na bolti mbili, na fundi wa kuchomelea anakitengeneza wakati unasubiri.

Papo hapo, iache ekseli ining'inie hadi chini na uangalie paipu za mpira za breki. Zikivutika hata kidogo, weka ndefu zaidi. Maliza kwa kupeleka gari likapimwe mlalo wa magurudumu.

Hatua ya tano: pumzi za gari

Difu, gia boksi na transfa (boksi la gia za 4x4) zina vipumulio vidogo. Difu ikiwa ya moto ikaingia kwenye mto baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Ng'oa vipumulio, funga paipu za mpira zinazostahimili mafuta, zipandishe hadi ndani ya boneti karibu na ukuta wa kabini na uzimalizie kwa kichungi kidogo. Acha ulegevu wa kutosha ili ekseli ikishuka paipu isichomoke. Ni kazi ya alasiri moja, ya bei ndogo, na ndiyo ningemfanyisha anayeanza.

Snokeli, bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi juu, kwetu inasaidia zaidi kwenye vumbi kuliko mtoni, hasa ukifuata gari jingine. Ikifungwa, izibe mdomo wa juu kwa ubao bapa injini ikiwa inanguruma taratibu. Injini ikizimika, njia ya hewa ni nzima. Ikiendelea, kuna mahali inavuta pembeni, na hapo ndipo maji na vumbi vitaingia.

Hatua ya sita: umeme na vya kukwamulia

Taa mbili za wati 100 zinavuta karibu ampia 17. Usizipitishe kwenye swichi ya dashibodi. Tumia rilei, swichi inayoendeshwa na umeme: mguu wa 30 utoke betri kupitia fyuzi ya 25, wa 87 uende kwenye taa, 85 na 86 ni za swichi na ardhi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu waya usio na kinga ndio unaochoma gari. Usiziwashe barabarani mbele ya wenzako.

Vile vitanzi vyembamba chini ya bampa viliwekwa kufungia gari melini. Usivutwe navyo. Funga kulabu mbili zenye tani zilizoandikwa, kila moja kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi zinazopita ubavuni mwa chasisi, na shakoli za tani 4.75. Tufe la chuma la kuvutia trela lisitumike kukwamua. Likikatika linapaa na linaua mtu.

Hatua ya saba: karatasi na majaribio

Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, maelezo ya logbuku yabadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Mjulishe na mwenye bima kwa maandishi, ukitaja ulichofunga, kabla ya ajali na si baada yake.

Jaribio la kwanza lifanye karibu na nyumbani: uwanja mtupu, kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu uone kama gari linanyooka. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100. Kisha shuka Magadi kupitia Kiserian na Olorgesailie, na mzigo kamili, siku ya jua kali. Kule ziwani vumbi la magadi hunata kwenye kila kona na hula chuma, kwa hiyo ukirudi osha chini siku hiyohiyo. Kaza yubolti tena, gusa kila habu uone kama moja ina moto kuliko nyingine, fungua nati ya kujazia ya difu utazame rangi ya oili, na uandike kwenye daftari dizeli iliyotumika na joto lilipofika kwenye mpando wa kurudi. Namba hizo ndizo zitakazokuambia ubebe lita ngapi kutoka Marsabit kwenda North Horr.